Ndiyo ya Kina Pettifer

Hebu niambie, wewe ukiitwa ofisini na mkubwa, ukasimamishwa mbele ya meza yake, naye akakuuliza swali huku uso wake umeshajijibu, humjibu nini? Wengine hubisha. Wengine hulia. Kina Pettifer wa Wirrandah, pale kwenye kona ya mto Baaka, tangu enzi za wazee wao hujibu ndiyo. Wala si kwamba wamekubali. Ni ndiyo ya kusema nimekusikia, mkubwa, sasa niache nipite.

Marli Pettifer aliitoa ndiyo hiyo siku ya Jumatatu mbele ya naibu mkuu wa shule, na kwa ndiyo hiyo kazi yake ya mwaka mzima ikafutwa.

Bibi yake, Bibi Verna, alikuwa barazani akikanda unga wa mikate ya sufuria alipomwona anafungua geti. Mkoba ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga, si mgongoni kama siku zote. Viatu hakuvikung'uta vumbi jekundu. Akaketi ngazini, akachukua chungwa kwenye bakuli, akalimenya taratibu mpaka ganda likatoka refu bila kukatika, kisha akaliweka chungwa pembeni asilile.

Bibi hakumuuliza kitu. Kwao mtu hashambuliwi kwa maswali. Unakaa karibu naye, unaendelea na shughuli yako, na maneno yakiiva yatatoka yenyewe. Basi akakata madonge, akayabonyeza kwa kiganja, akayapanga kwenye sufuria pana iliyokuwa motoni. Mikate ya kwanza ilipoanza kutoa madoa ya kahawia, maneno nayo yakaiva.

"Wameifuta, Bibi."

"Ile ya bomba?"

"Ile ya bomba."

Kabla Bibi hajasema neno, geti likalia tena. Akaingia Noelene, binti wa marehemu dada yake Bibi, ambaye kazi yake pale shuleni ilikuwa kuwaunganisha walimu na familia za Wenyeji, watu wa asili wa nchi ile. Kitambulisho bado kinaning'inia shingoni, mashavu yamemwiva kwa kutembea haraka juani. Nyuma yake akaja Dwayne, binamu yake Marli, mtu mzima na dereva wa trekta la halmashauri, ambaye harufu ya mikate humleta popote alipo.

"Nasikia umefeli Somo la Wenyeji," Dwayne alisema, akinyoosha mkono kwenye sahani. "Binamu, umeweza vipi? Hiyo ni sawa na samaki kufeli kuogelea!"

Marli akamtupia ganda la chungwa. "Funga domo. Wewe ulifeli mpaka mazoezi ya viungo."

"Sikufeli. Niliumia goti."

"Goti la uvivu," alisema Bibi, na akampa mkate uliotoka kwenye moto muda huo huo, apate kuungua ulimi anyamaze.

Lakini Noelene hakucheka. Alivuta kiti, akaketi magoti yakiwa pamoja, kama aliyefika msibani.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayesoma Somo la Wenyeji lazima afanye utafiti wake mkubwa kati ya watu wake. Shule huusoma, huupa alama, na huthibitisha kwamba ni kazi ya mkono wa mwanafunzi mwenyewe. Ndipo alama hizo huingia kwenye cheti. Marli alikuwa amechagua bomba. Kule nje ya mji, mahali ambapo kila mtu alipaita Misheni ingawa hakuna mmisionari aliyewahi kulala pale, palikuwa na bomba moja la maji kwenye ua wa meneja aliyewekwa na serikali kuwasimamia, na nyumba zote zilichota hapo. Marli alikwenda kwa wazee waliobaki, nyumba hadi nyumba, akiwachukulia samaki au keki, akaketi nao mpaka wenyewe wakaanza kusimulia. Wakamwambia jinsi wanawake walivyofunika ndoo kwa majani ya mkalitusi ili maji yasiruke njiani, na jinsi chai ya maji yale ilivyobaki na harufu ya majani. Jinsi meneja alivyolifunga bomba kwa kufuli Jumapili mchana. Jinsi watoto walivyojifunza kunywa kwa kulaza shavu chini ya bomba, maana ukikinga mikono ulipigwa kofi kwa kumwaga.

Chuo cha ualimu cha mji wa Dubbo kilikuwa kimekwishamwambia kwamba kitampokea, mradi afaulu somo hilo. Alitaka kusoma, kisha arudi Wirrandah afundishe watoto wadogo, kwa sababu walimu wa pale huja na kuondoka kama wageni wa hoteli, na watoto wameacha kushika majina yao. Sasa bila alama zile hakuna cheti cha somo, na bila cheti hakuna chuo.

"Kosa lake ni nini?" Bibi alimwuliza Noelene. Noelene unaweza kumwuliza; yeye amezoea ofisi.

"Kosa ni 'tu', Mamdogo."

"Tu nini?"

"Tu. Tulipanga foleni kabla jua halijachomoza. Tulifunika ndoo kwa majani. Tulihamishwa kwa malori. Bi. Lockyer amezizungushia penseli zote. Anasema Misheni ilifungwa kabla hata mama yake Marli hajazaliwa, sasa msichana wa leo 'alifunika' lini? Anasema hayo ni maneno ya mtu mzee. Ama amenakili kitabu cha mtu, ama ameandikiwa."

Dwayne aliacha kutafuna. "Sasa angeandikaje? Walifunika? Wao nani?"

Pale barazani swali hilo halikuhitaji jibu.

Huyo Bi. Lockyer, naibu mkuu wa shule, hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa ametoka pwani, aliweka kopo la peremende mezani, na aliuliza kwa sauti laini. Pengine ulaini ule ndio uliomponza Marli, maana mtu akikupigia kelele angalau unaweza kukasirika.

"Marli, haya si maneno yako, sivyo?" alimwuliza Jumatatu ile.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kuna mtu amekuandikia."

"Ndiyo."

"Ni bibi yako?"

"Ndiyo."

"Na unaelewa kwamba huo ni udanganyifu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Bwana Renshaw, mwalimu wa somo lenyewe, kijana kutoka jiji kubwa aliyekuwa na mwaka wake wa pili pale, alikuwa amesimama dirishani. Yeye ndiye aliyekuwa ameipa kazi ile alama ya juu kabisa darasani.

"Mbona hukusema hapana, mwanangu?" aliuliza Noelene.

Marli alitazama vidole vyake vilivyonuka chungwa. "Ilikuwa haisemeki, Shangazi. Alikuwa ananikazia macho. Nilitaka tu aache."

Bibi akaugeuza mkate uliokwishageuzwa. Ndiyo hiyo aliifahamu. Mama yake aliisema pale pale bombani, gari jeusi limesimama na injini inanguruma, na bwana wa serikali mwenye kofia anauliza: unakubali, sivyo, kwamba binti yako mkubwa atapata matunzo bora huko anakokwenda? Mama yake, ndoo mkononi, akasema ndiyo, bwana. Binti mkubwa akapandishwa garini. Alirudi akiwa mtu mzima, mwenye adabu za ajabu, anayeomba ruhusa kabla ya kufungua friji. Huyo ndiye aliyekuja kumzaa Noelene. Tangu alipozikwa, kwa desturi yao, jina lake halitajwi pale nyumbani, na habari ya siku ile haizungumzwi mezani. Katika kazi ya Marli ilichukua mistari miwili tu: Akaweka ndoo chini. Maji hayakumwagika. Marli alikuwa ameomba kuandika zaidi, na Bibi akamwambia bado.

"Kuna kikao Alhamisi asubuhi," alisema Noelene. "Atasikilizwa kabla hawajapeleka uamuzi juu. Anaruhusiwa kuja na mtu mzima mmoja wa familia. Lakini huyo mtu anakaa tu. Haruhusiwi kumjibia."

"Nitakwenda mimi."

"Utaweza kunyamaza, Mamdogo?"

"Nimenyamaza maisha yangu yote," alisema Bibi. "Siku moja zaidi haitaniua."

Jumanne mchana wakamfanyisha mazoezi. Bibi alikuwa anapaa samaki kwenye beseni nyuma ya nyumba, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko, na Marli anasuuza.

"Sema hapana."

"Hapana."

"Kwa nguvu. Umekula mkate wangu wa mwisho?"

"Ndi... Bibi, huo nimeula kweli."

"Basi tafuteni swali jingine!"

Dwayne akavaa miwani ya Bibi kwenye ncha ya pua, akaunganisha vidole kama Bi. Lockyer, akalainisha sauti. "Marli, mpenzi. Wewe ni kangaruu, sivyo?"

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Marli kabla hajafikiri.

Wakacheka mpaka Dwayne akaidondosha miwani kwenye beseni la samaki. Wakacheka tena alipoitoa ina gamba kwenye kioo. Halafu kicheko kikaisha polepole, na kila mmoja akabaki anatazama upande wake, maana walikuwa wameona jinsi ndiyo ile ilivyo karibu na ulimi.

Jumatano, masomo yalipokwisha, Bwana Renshaw akaja mwenyewe nyumbani. Shati amelichomekea vizuri, pakiti ya biskuti mkononi. Marli alipomwona getini aliingia ndani, akakaa chini ya dirisha la jikoni anaposikia bila kuonekana. Bibi akamwekea mwalimu chai kwenye kikombe chenye sikio zima, kile cha wageni.

"Shangazi Verna," alisema, maana kila mtu mjini alimwita hivyo, "nadhani nimekuja wakati mbaya, sivyo?"

"Ndiyo," alisema Bibi kwa upole.

Mwalimu akainuka nusu. "Au nikae kidogo tu?"

"Ndiyo, ndiyo."

Akakaa, lakini ukingoni mwa kiti. "Nilitaka kujua. Marli alikusomea kazi yake kabla ya kuileta shule?"

"Ndiyo."

"Au hukuwahi kuisikia?"

"Ndiyo."

"Samahani, lazima niulize. Ni wewe uliyemwandikia?"

"Ndiyo," alisema Bibi, akamsogezea sukari.

Jikoni kikasikika kishindo cha sufuria, kisha kicheko kilichokuwa karibu na kilio. "Bibi! Sasa umenimaliza kabisa!"

Bibi akajiziba mdomo kwa kiganja. Masikio yakamwaka moto kama ya msichana. Siku mbili nzima anamfundisha mtoto kusema hapana, na yeye mwenyewe, barazani kwake, na kijana asiye hata na ndevu za maana, ndiyo zimemtoka zote mpaka ya mwisho.

Bwana Renshaw alibaki na kijiko hewani. Uso wake ulianza kuwa mwekundu kutoka shingoni kupanda juu. Alikiweka kijiko kwenye kisahani taratibu kisilie, akaegemea kiti, na safari hii akakaa kweli. Hakuuliza kitu tena. Alitazama mto, uliokuwa umepungua mpaka mizizi ya miti ikaning'inia kama vidole. Chai yake ikapoa. Nzi akaoga kwenye sukari, akaruka. Alikuwa hajui kukaa kimya, ilionekana kwenye magoti yake, lakini alikaa.

Na ndani ya ukimya ule Bibi akasema, bila kuulizwa na mtu:

"Mimi hata kadi ya Krismasi naandikiwa na huyo mtoto. Habari za bomba nilimpa kwa mdomo, na wenzangu walimpa zao. Kuzipanga alizipanga yeye, pale kwenye meza unayoiona, mgongo umempinda, chakula kinapoa. Ningeandika mimi, ile ndoo nisingeiweka kabisa."

"Asante, Shangazi," alisema mwalimu. Akanywa chai ile baridi mpaka mwisho, akaondoka.

Alhamisi waliwapokea kwenye maktaba ya shule. Bibi alivaa gauni lake la buluu na viatu vya kanisani. Marli alikuwa amebana nywele nyuma mpaka macho yakavutika. Bi. Lockyer alikaa katikati ya meza ndefu, kazi ya Marli iko mbele yake na miduara ya penseli inaonekana hata kwa mbali. Bwana Renshaw kulia, Noelene kushoto, aliyewekwa kuwakilisha jamii. Feni ilizunguka darini ikitoa mlio kila ilipofika sehemu moja. Nje, ndege mdogo mweusi na mweupe alikuwa anapigana na kivuli chake kwenye kioo cha dirisha.

"Karibu, Marli. Usiogope," alianza Bi. Lockyer. "Jumatatu ulituambia kwamba hukuandika mwenyewe. Bado ndivyo unavyosema, sivyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Bibi akauminya mkoba wake mpaka kitu ndani kikavunjika. Nadhani kilikuwa kitana. Neno lilimfika mdomoni. Alilizuia kwa meno.

"Bi. Lockyer," alisema Bwana Renshaw, "niombe kitu kimoja. Tusimuulize. Mimi nitasema ninachofikiri, halafu nitanyamaza, na ningependa sote tunyamaze."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atakapokuwa tayari."

Bi. Lockyer alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue viatu ofisini. Lakini akatikisa kichwa kukubali.

Mwalimu akageuza kiti chake kidogo, asimkabili Marli uso kwa uso. Akaliambia dirisha: "Nimeisoma kazi hii tena jana usiku kucha. Nafikiri aliyeandika 'tulifunika ndoo' hakunakili popote. Nafikiri alikuwa anasema jambo ambalo mimi sikufundishwa kulisikia. Lakini sijui. Humu ndani anayejua ni mmoja."

Akanyamaza.

Feni ikazunguka. Ndege akapiga kioo, akapumzika, akapiga. Bi. Lockyer aliokota kalamu, akavuta pumzi ya kusema. Noelene akamtazama, naye akaishusha kalamu. Dakika za namna ile ni ndefu kwa asiyezizoea. Bibi alimwona Bi. Lockyer akinyoosha karatasi zilizokwishanyooka, kisha mikono yake nayo ikatulia.

Bibi hakumtazama mjukuu wake. Alitazama mikono yake mwenyewe, ikiwa na kovu dogo la mwiba wa samaki, na akamfikiria mama yake pale bombani. Hakuna aliyemwachia mama yake ukimya. Bwana yule aliuliza, akajijibu, na injini haikuzimwa hata kidogo. Kama wangeizima. Kama wangekaa tu kwenye kivuli cha mkalitusi wakangoja, mama yake angeiweka ndoo chini na angesema nini? Bibi alikuwa amelijua jibu maisha yake yote. Alilijua hata sasa, na lilikuwa neno moja, na hakuruhusiwa kulisema kwa niaba ya mtu.

Marli akavuta pumzi.

"Ile 'tu'," alisema, akiiambia meza. "Mwanzoni niliandika 'wa'. Walifunika. Walihamishwa. Bibi alikuwa amekaa pale pale anashona kifungo. Nikaona kama namtoa nje ya nyumba. Kama nawasema watu wengine." Hakuna aliyemdaka maneno, akaendelea. "Sikuwepo. Najua sikuwepo. Lakini walipopakiwa kwenye malori, na mimi nilihamishwa. Ndiyo maana nimezaliwa huku mjini, sikuzaliwa kule. Sasa niandike wao?"

Bi. Lockyer alishika ukurasa mmoja kwa ncha za vidole. "Hapa penye ndoo," alisema polepole. "Akaweka ndoo chini. Maji hayakumwagika." Swali lilikuwa mdomoni mwake, kila mtu aliliona. Akalimeza. "Nilifikiri kuna kitu kimekatwa."

"Kimekatwa," alisema Marli. "Kina mwenyewe. Niliomba, nikaambiwa bado."

Akageuka kwa mara ya kwanza, akamtazama bibi yake. Bibi akainua kidevu, kidogo tu, kiasi cha mtu wa kwao kuona.

Noelene alikuwa ameinamisha kichwa. Chozi lilimdondokea kwenye kitambulisho chake, kwenye picha, akalifuta kwa kidole gumba.

Bi. Lockyer akaiweka penseli mbali na karatasi, upande wa pili kabisa wa meza. "Kwa hiyo hukunakili," alisema. Mdomo wake ulikuwa unaelekea kwenye lile neno dogo la mwisho, lile 'sivyo' lake, lakini alilibana, akangoja.

Marli aliinua macho kutoka mezani. Yalikuwa mekundu, lakini yalimtazama mwanamke yule sawasawa.

"Hapana," alisema. "Sikunakili. Niliandika mwenyewe. Na nataka mnipe alama zangu."